Lukasa, fishi na simu: historia fupi ya kupanga habari ili mutu aipate



Vijana wengi wa kwetu wameanza kujifunza kazi ya kutengeneza aplikasio. Wengine wanafuata masomo ku simu usiku, wakati mega ziko bei ya chini. Mu masomo hayo wanakutana na maneno mawili yanayorudia kila mara: usanifu wa habari, na uzoefu wa mutumiaji. Wengi wanafikiri mambo haya yalizaliwa Marekani pamoja na intaneti, na kwamba sisi tunakuja nyuma kama kawaida, kuokota makombo.

Mimi siko mutu wa informatiki, nilisoma agronomi. Lakini historia ya maneno haya mawili inanivuta sana, juu ukiifuata pole pole haikupeleki Marekani moja kwa moja. Inakupitisha kwanza kando ya ziwa Upemba, halafu mu Bruxelles, halafu ndani ya ndege ya vita. Na kila mahali unakuta swali lile lile: mutu mwenyi kutafuta ni nani, na atapita njia gani mupaka afike?

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Usanifu wa habari ni kazi ya kupanga vitu vingi vya kujua, kuvipa majina, na kuweka alama za njia ili mutu asipotee ndani. Ni kama mwenyi kuchora nyumba: anaamua mulango uwe wapi, jikoni iwe wapi. Uzoefu wa mutumiaji ni yale mutu anayoishi wakati anatumia kitu: ameelewa ao hapana, amechoka ao hapana, amepata ao amerudi mikono mitupu. Ya kwanza ni nyumba, ya pili ni maisha ya mutu ndani ya nyumba ile.

1. Ubao unaosomwa na kidole

Ufalme wa Waluba ulikuwa na nguvu sana katika karne za 17, 18 na 19, mu eneo ambalo leo liko Haut-Lomami na majimbo ya jirani. Mule kulikuwa chama kimoja, Mbudye. Kazi ya wakubwa wa chama kile ilikuwa kutunza kumbukumbu ya ufalme: nani alitangulia, nani alifuata, mufalme anapaswa kufanya nini na hapaswi kufanya nini.

Chombo chao kilikuwa lukasa. Ni ubao wa muti, mudogo wa kutosha kushikwa na mukono mumoja, mwembamba kidogo katikati. Upande wa mbele umejaa shanga za rangi na ukubwa mbalimbali, mara ingine na simbi ao vipande vya chuma. Upande wa nyuma umechongwa michoro inayokumbusha gamba la kobe. Musomaji anaushika mu mukono wa kushoto, na kidole cha mukono wa kuume kinatembea juu ya shanga. Kidole kinagusa, kinywa kinasema ao kinaimba.

Hakuna herufi hata moja pale. Lakini ndani yake kunasomwa habari za mwanzo wa ufalme: Nkongolo Mwamba mufalme mukali, Mbidi Kiluwe muwindaji aliyekuja na adabu mupya, na Kalala Ilunga mutoto wake aliyemushinda Nkongolo. Kunasomwa orodha za wafalme, njia za kuhama, mahali patakatifu, na mupangilio wa nyumba ya mufalme. Ushanga mumoja mukubwa uliozungukwa na shanga ndogo unaweza kuonyesha mufalme na watu wake. Musitari wa shanga unaweza kuonyesha njia ao safari.

Tuangalie sasa chombo hiki na macho ya mwenyi kujifunza kupanga habari. Kuna mambo matatu ya kushangaza.

La kwanza, lukasa inapanga habari kwa mahali na kwa cheo, na hizi ni njia mbili ambazo kichwa cha mutu kinashika vizuri. Tunasahaulikaka tarehe, lakini kitu kiko wapi tunakumbuka. Uliza mama yeyote ndani ya nyumba yake: atakuambia chumvi iko wapi bila kuangalia.

La pili, imetengenezwa kufuatana na mwili wa mutumiaji. Ukubwa wa ubao ni ukubwa wa mukono. Tofauti za shanga zinatambulika na kidole, hata jicho likiwa linaangalia watu wanaosikiliza. Hii si pambo. Ni chombo kilichotengenezwa na watu waliofikiri namna kitakavyoshikwa.

La tatu, na hili ndilo kubwa: habari ni zile zile, lakini njia ya kuzipitia haiko moja. Musomaji alichagua aanzie wapi na aendeleze namna gani, kufuatana na siku ile na watu waliokuwa mbele yake. Mbele ya mutu anayesimikwa kwenye kiti, ubao ule ule ungeweza kutoa masomo ambayo hayangetolewa siku ya sherehe ingine. Leo, mwenyi kutengeneza aplikasio anaitaka ile "njia mbalimbali za kuingia". Waluba walikuwa nayo ku vidole.

Tusiipambe kupita kiasi. Lukasa haikuwa kitabu cha watu wote. Ilisomwa paka na wale waliofundishwa na kupanda cheo ndani ya Mbudye. Mwenyi kushika ubao alishika pia nguvu ya kusema nani ni mufalme wa kweli. Tutarudia jambo hili, juu kila mupangilio wa habari uko na mwenyewe.

Leo lukasa zingine ziko mu nyumba za makumbusho, mu Tervuren karibu na Bruxelles, ao mu Brooklyn kule New York. Wanazitunza vizuri: ziko ndani ya kioo, na namba, na kijikaratasi kinachosema "muti, shanga, chuma". Lakini kioo kinakataza kidole, na msomaji hayuko. Njo pale unaelewa tofauti ya maneno yetu mawili. Chombo kimepona, uzoefu umekufa. Habari haikuwa ndani ya muti peke yake. Ilikuwa kati ya muti, kidole na watu waliokuja kusikiliza.

2. Nyumba ya fishi mu Bruxelles

Tuvuke bahari sasa, tufuate njia ile ile ambayo vitu vyetu vingi vilifuata. Mu Bruxelles, mwaka 1868, alizaliwa mutu anaitwa Paul Otlet. Baba yake alikuwa tajiri wa biashara ya tramu. Otlet alisoma sheria, lakini sheria haikumufurahisha. Alisumbuliwa na kitu kimoja: vitabu na majarida yalikuwa yanaongezeka kila siku, na hakuna mutu aliyeweza kujua ni nini imekwisha andikwa juu ya jambo fulani.

Mwaka 1895, yeye pamoja na rafiki yake Henri La Fontaine, seneta ambaye kisha alipata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1913, walianzisha ofisi ya kimataifa ya kuorodhesha vitabu. Ndoto yao ilikuwa kuwa na fishi moja kwa kila kitu kilichoandikwa duniani. Fishi zenyewe zilikuwa karatasi ngumu za sentimita 12.5 kwa 7.5, zilizopangwa ndani ya makabati yenyi vikasha vya kuvuta. Miaka ya 1930 zilikuwa zimepita milioni 12. Mutu aliandika barua na swali lake, wafanyakazi wakavuta vikasha, wakanakili fishi zinazohusu swali, wakamutumia kwa posta. Ni kazi ile ambayo leo simu inafanya mu sekunde moja, lakini ilifanyika na mikono, miguu na wino.

Fishi milioni 12 bila mupangilio ni takataka. Njo maana kazi kubwa ya Otlet haikuwa kukusanya, ilikuwa kupanga. Alichukua mufumo wa Mumarekani Melvil Dewey wa mwaka 1876, ambao uligawanya maarifa yote kwa namba kumi kuanzia 0 mupaka 9, na kila namba tena kwa kumi, na kuendelea. Otlet na wenzake waliongeza kitu cha akili sana: alama za kuunganisha. Sisi wanaagro tuko mu 63, kilimo. Ndani ya 633 kuna mazao ya shamba, na 633.73 ni kahawa. Mabano yanaonyesha mahali, na (675) ni Kongo. Basi 633.73(675) inasema "kahawa ya Kongo" bila kuandika neno hata moja, na Mujapani anaisoma sawa na Mubelgiji.

Angalia vizuri ile alama. Dewey alitaka kila kitabu kiwe na nafasi moja ku rafu, juu kitabu ni kitu kimoja na hakiwezi kulala mahali pawili. Otlet aliona kwamba fishi haiko kitabu. Habari moja inaweza kutafutwa na mutu wa kahawa, na mutu wa Kongo, na mutu wa ugonjwa wa mimea. Kwa hiyo inapaswa kupatikana kwa milango mitatu. Ni wazo lile lile la lukasa, limevaa nguo ya namba.

Mwaka 1934 Otlet alitoa kitabu kikubwa juu ya elimu ya nyaraka. Ndani yake aliwaza meza ya kazi isiyo na kitabu hata kimoja, yenyi kioo na telefoni tu, na kurasa zinazosomwa kutoka mbali. Lakini mwaka ule ule serikali ya Ubelgiji ilimufungia milango ya nyumba yake, Mundaneum. Mwaka 1940 Wadachi walipoingia Bruxelles waliondoa mikusanyo yake ili kupata nafasi ya maonyesho ya sanaa yao. Otlet alikufa mwaka 1944. Kile kilichobaki kilihamishwa mara nyingi, na leo kiko mu muji wa Mons.

3. Rafu iko na mwenyewe

Sasa tuulize swali ambalo vitabu vya masomo vinaruka. Mutu aliyepanga maarifa ya dunia yote, alituona sisi namna gani?

Mwaka 1888, akiwa na miaka 20, Otlet aliandika kijitabu juu ya Afrika. Ndani yake alipendekeza weusi wa Marekani waletwe Kongo ili walete "ustaarabu". Ni mwaka wa tatu tu wa utawala wa Léopold II juu ya inchi yetu. Kijana mwenyi nia njema, aliyependa amani na maarifa, hakuona kwamba watu wa mahali pale walikuwa na maarifa yao tayari, na vyombo vya kuyatunza. Wakati alikuwa anaota fishi ya kila kitu duniani, lukasa ilikuwa inasomwa bado.

Ukitaka kuona namna mutazamo kama huo unaingia ndani ya mupangilio wenyewe, angalia namba za Dewey. Namba za 400 ni za lugha. Kiingereza kimepewa 420 mupaka 429. Kifaransa 440 mupaka 449. Na lugha za Afrika? Nyingi zimesongamana ndani ya 496: Kiswahili, Kiluba, Lingala, Kizulu, zote chumba kimoja. Kwa dini ni vile vile: Ukristo ulipewa karibu 200 zote mupaka 289, na dini zingine zote za dunia zikagawana 290.

Hakuna mutu aliyeandika mahali popote "lugha za Waafrika haziko na maana". Haikuwa lazima. Rafu ilisema. Mwanafunzi anayeingia mu biblioteki anapita rafu nzima za Kiingereza, halafu anakuta lugha ya mama yake imefinywa nyuma ya tarakimu nyingi. Hajasoma kitabu hata kimoja, lakini amekwisha fundishwa kitu.

Basi wazo la kwanza la kushika ni hili: kupanga si kazi ya kuweka usafi. Ni kuamua ni swali la nani litajibiwa haraka, na swali la nani litangoja. Mbudye waliamua kwa Waluba. Dewey aliamua kwa mutu wa Marekani wa wakati wake. Wewe unayechora aplikasio leo, unaamua pia, hata kama haujui kwamba unaamua.

4. Kosa ni la nani?

Upande wa pili, uzoefu wa mutumiaji, uko na historia yake, na sehemu moja ilitokea mu vita ya pili ya dunia.

Marekani walikuwa na ndege kubwa ya kutupa mabomu, B-17. Mara kwa mara ndege ilikuwa inatua salama, inakimbia ku uwanja, halafu rubani anakunja magurudumu na ndege inalala chini na tumbo. Wakubwa walisema ni kosa la rubani. Mutu amechoka, hana uangalifu, afundishwe tena.

Mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, alienda kuangalia mahali rubani anaketi. Alikuta kifungo cha magurudumu na kifungo cha vibawa vya nyuma ya bawa viko karibu karibu na vinafanana. Kisha kutua, rubani alipaswa kurudisha vibawa. Usiku, amechoka, mukono unaenda ku kifungo cha jirani. Chapanis hakuongeza masomo hata saa moja. Alipendekeza ku kifungo cha magurudumu kuwekwe umbo la gurudumu dogo, na ku kile cha vibawa umbo la kabari. Mukono ukigusa, unajua. Wazo hilo la kutofautisha vifungo kwa umbo lilibaki mu ndege mupaka leo.

Munaona sasa kwa nini nilianza na lukasa. Kutofautisha kwa kugusa, ili jicho liwe huru kufanya kazi ingine: fundi wa Mbudye na mwanasaikolojia wa jeshi la Marekani walifika ku jibu moja bila kujuana, juu wote wawili walianza na mukono wa mutu.

Wazo la pili la kushika: watu wengi wakikosea mahali pamoja, usitafute mujinga, tafuta mupangilio mubaya. Kwetu tunapenda sana kusema "watu wa kijiji hawaelewi". Mara nyingi ni kifungo kinachofanana na kingine.

5. Majina yanapatikana

Kazi ilikuwa imeanza zamani, jina lilikuja nyuma. Mwaka 1976, mu mukutano wa wasanifu wa majengo wa Marekani mu Philadelphia, Richard Saul Wurman, ambaye alikuwa yeye mwenyewe musanifu wa majengo, alisema kwamba habari pia inahitaji wasanifu. Mu kitabu chake cha mwaka 1989 alieleza kwamba habari inaweza kupangwa kwa njia tano tu: kwa mahali, kwa alfabeti, kwa wakati, kwa aina, ao kwa ngazi ya ukubwa.

Tuchukue mufano ambao kila mutu hapa anaujua: matokeo ya mutihani ku valve. Fakulte ikiyapanga kwa mention, kuanzia grande distinction mupaka ajourné, imechagua ngazi. Orodha ile inajibu swali "nani amemupita nani?" Lakini mwanafunzi anayesukumana pale mbele na moyo unapiga hana swali lile. Swali lake ni "mimi niko wapi?" Kwa swali lile, alfabeti ingemupa jibu mu sekunde tano. Na mufanyakazi wa apparitorat anayetafuta dosie ya mutu aliyemaliza zamani anahitaji mwaka kwanza. Majina ni yale yale, pointi ni zile zile. Kila mupangilio unamutumikia mutu mwingine.

Mwaka 1993 Don Norman aliingia ku kampuni ya Apple na kuchukua cheo ambacho ndani yake kulikuwa maneno "uzoefu wa mutumiaji". Alitaka neno pana, linaloshika kila kitu mutu anachokutana nacho, tangu anafungua karatoni mupaka anatafuta musaada. Mwaka 1998 Louis Rosenfeld na Peter Morville, wote wawili waliosomea kazi ya biblioteki, wakatoa kitabu kilichofundisha kizazi cha kwanza cha watengeneza tovuti. Waligawanya kazi kwa sehemu nne: kupanga, kupa majina, kuonyesha njia, na kutafuta. Tazama: mafundi wa intaneti walienda kujifunza ku watu wa fishi.

6. Migomba inayokauka

Nitumie sehemu hizo nne mu kazi yangu, juu historia isiyofika shambani inabaki hadithi.

Mwaka 2001 ugonjwa wa bakteria wa migomba ulionekana mu Masisi, halafu ukaenea mu Kivu. Karatasi nyingi za mafunzo zimeandikwa juu yake. Ukifungua kitabu cha magonjwa ya mimea, kimepangwa kwa sababu: virusi, bakteria, kuvu, minyoo. Kwa professeur ni sawasawa kabisa, juu professeur anajua sababu na anatafuta maelezo. Lakini mulimaji hajui sababu. Angeijua, asingekuwa na shida. Yeye anajua paka kile anachoona: majani yanageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukikata ndani unakuta rangi ya kutu na maji ya manjano yanatoka.

Kwa hiyo kupanga kunapaswa kuanza na kile jicho linaona: ku jani, ku tunda, ku shina. Bakteria itakuja nyuma.

Kupa majina ni shida ingine. Mu darasa tunasema Xanthomonas. Mu Masisi na Rutshuru wengi wanasema kirabiranya. Mwingine anasema tu "ile ugonjwa ya kukausha". Ni kama majani ya muhogo: sombe, pondu, saka-saka, chungu ni kimoja. Aplikasio inayojua jina moja tu inafunga mulango kwa wale wengine wote. Jina sahihi ni lile mutafutaji analo ku kinywa, na majina mengine yote yanapaswa kumufikisha mahali pale pale.

Kuonyesha njia: mulimaji akifika ku ugonjwa wake, kitu cha kwanza anachohitaji ni cha kufanya leo. Kata shina lenyi kuugua. Safisha panga ku moto ao na dawa ya kufulia ya klori mbele ya kugusa shina lingine. Vunja ua la dume na kijiti chenyi panda, si na kisu, juu wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ku ua. Historia ya bakteria iwekwe ukurasa wa mwisho, kwa mwenyi kuitaka.

Kutafuta: mutu anaandika namna anavyosema, na makosa ya herufi, Kiswahili na Kifaransa vimechanganyikana. Aplikasio isiyovumilia hayo imetengenezwa kwa ajili ya mutu ambaye hayuko.

Utajuaje umepanga vizuri? Kuna njia moja ya bei ya chini ambayo wanafunzi wa kazi hii wanatumiaka mupaka leo, na Otlet angeifurahia: fishi. Andika mambo 30 ya aplikasio yako ku karatasi ndogo 30, jambo moja kwa kila karatasi. Wape walimaji watano, mumoja mumoja, uwaambie wazigawanye mafungu namna wanavyoona, na kila fungu walipe jina. Wewe funga kinywa. Usisaidie, usirekebishe, andika tu. Kama hawajui kusoma, tumia picha ao majani yenyewe. Kisha ya pale utaona kama kichwa chako na vichwa vyao vina ramani moja.

7. Na TFC zetu?

Kila mwaka iniversite zetu zinatoa TFC na memwari juu ya udongo wetu, mihogo yetu, maji yetu. Mara nyingi zinapangwa kwa mwaka na kwa fakulte. Mupangilio ule unajibu swali la sekretaria: "huyu alideposa ao hakudeposa?" Haujibu swali la kijana wa ONG anayeuliza ni nini imekwisha pimwa juu ya udongo wa Kabare, wala la mwanafunzi wa mwaka kesho ambaye atapima kitu kile kile tena, kwa franga za wazazi wake, juu hakujua kwamba wewe ulikwisha kipima.

Watu wanasema Kongo haina data. Sehemu moja ni kweli. Lakini sehemu ingine iko ndani ya farde, juu ya kabati, imeandikwa vizuri na imepitishwa mbele ya jury, na hakuna mulango hata mumoja unaofika kwake. Tunalia juu ya lukasa zilizofungwa ndani ya vioo vya Ulaya, na tuko na sababu ya kulia. Lakini TFC isiyopatikana ni lukasa isiyo na musomaji, na kioo hicho tumekifunga sisi.

Hatuhitaji fishi milioni 12 wala serveri za bei kali ili kuanza. Mistari mitatu ku kila kazi inatosha: mahali (territoire na groupement), zao ao kitu kilichopimwa, na swali lililojibiwa, kwa Kifaransa cha kawaida na kwa Kiswahili, si kwa kichwa cha musitari minne kilichoandikwa ili kufurahisha jury. Mistari mitatu ile ni milango mitatu.

Tuanze hapa hapa. Kila mutu aliyemaliza aandike chini mistari yake mitatu juu ya TFC yake: mahali, kitu, swali. Wanaagro watangulie, wengine wafuate. Tukifika mia moja, nitazipanga ku karatasi na nitauliza wanafunzi watano wanisaidie kugawanya mafungu, mimi nikiwa nimefunga kinywa.